Rada haioni, inapima: kosa nililofanya mbele ya ubao



Leo nataka kukosoa somo moja. Somo lenyewe nililitoa mimi, kwa hiyo musitafute ninamsema nani. Mwanzo wa mwaka 2024 nilikuwa Kalembe, na shule moja ya pale iliniomba nije kuongea na wanafunzi wa sekondari kabla ya Egzeta, niwape moyo kidogo juu ya masomo ya sayansi. Nikachagua mambo ya gari linalojiendesha bila shofere, kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha kuona mavideo yake kwenye telefone. Nikachora gari kwenye ubao, nikachora mawimbi yanatoka mbele yake, nikasema: "Hii inaitwa rada. Wimbi linakwenda, linagonga kitu, linarudi. Gari linapima muda, linapata umbali. Likipima mara mbili, linapata vitesi. Njo hivi gari linaona." Watu wakapiga makofi.

Halafu binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Sasa gari lina saa gani ya kupima muda mdogo vile?"

Nikamujibu: "Ni masaa ya wazungu, yale yana nguvu." Darasa lote likacheka. Binti akakaa chini.

Wee! Swali lile lilikuwa bora kuliko somo langu lote. Mimi mwenye lisansi nililifunika kwa kichekesho kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu siku ile limenifuata, na nimesoma mpaka nikaelewa kwa nini maelezo yetu ya rada ni mepesi mno. Ninayaona kila mahali, kwenye manote, kwenye mavideo, na kwenye midomo yetu sisi wenye diploma. Yana sentensi tatu. Ya kwanza ni nusu ya ukweli, ya pili ni kosa, na ya tatu ni hatari. Tuzipitie moja moja.

Sentensi ya kwanza: "Wimbi linarudi, gari linapima muda."

Tuanze na haki yake. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, na umbali unapatikana kutokana na muda wa kwenda na kurudi. Rada nyingi za ndege zimefanya kazi hivyo tangu zamani: zinapiga mpigo mfupi wenye nguvu, zinanyamaza, zinasikiliza. Kwa hiyo mwenye kusema hivyo hadanganyi.

Lakini tufanye hesabu ambayo binti yule alikuwa amekwisha kuifanya kichwani. Kamyo iko mbele yako mita 150. Wimbi linakwenda mita 150 na kurudi mita 150, jumla mita 300. Muda wake ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Na kama unataka kujua kamyo iko mita 150 ao 151, ile mita moja inabadilisha muda kwa karibu sehemu saba za bilioni ya sekunde. Kupima hivyo kwa saa inawezekana, kuna vyombo vya leza vinavyofanya kazi hiyo. Lakini rada nyingi za magari zimechukua njia nyingine, na njo pale uzuri wa somo unapoanzia.

Hebu simama juu ya kilima kimoja cha Masisi, mbele yako kuna kilima kingine chenye ukuta wa mawe. Ukipiga firimbi, mwangwi unarudi. Sasa piga firimbi ambayo sauti yake inapanda polepole bila kukatika, kutoka chini kwenda juu. Mwangwi unapofika sikioni mwako, unaleta sauti uliyoipiga zamani kidogo, wakati wewe mwenyewe umekwisha kupanda juu zaidi. Kwa hiyo unasikia sauti mbili kwa wakati mmoja: yako ya sasa na ile iliyorudi. Kama kilima kiko karibu, tofauti ya sauti hizo ni ndogo. Kama kiko mbali, tofauti ni kubwa. Ukijua firimbi yako inapanda kwa haraka gani, tofauti ile inakupa umbali, na hukugusa saa hata kidogo.

Rada ya gari inafanya hivyohivyo. Inatuma wimbi la karibu gigahezi 77, na frikwensi yake inapanda kwa mstari ulionyooka. Tuseme inapanda megahezi 5 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kitu kiko mita 60. Wimbi linakwenda na kurudi mita 120, na kwa muda huo frikwensi inayotoka imekwisha kupanda megahezi 2. Chombo kinachanganya wimbi linalotoka na wimbi linalorudi, kinabaki na tofauti: megahezi 2. Kitu kikiwa mita 30, tofauti inakuwa megahezi 1. Ule muda mdogo wa kutisha umegeuka kuwa frikwensi ambayo chombo cha elektroniki cha bei ya kawaida kinaweza kuihesabu.

Kwa hiyo dada, kama unasoma hapa, jibu la swali lako ni hili: hawakutengeneza saa ya miujiza. Walikimbia tatizo la saa, wakaligeuza kuwa tatizo la sauti. Hakuna "nguvu ya wazungu" ndani yake. Kuna mtu aliyeuliza swali kama lako, lakini yeye hakuchekwa.

Sentensi ya pili: "Likipima umbali mara mbili, linapata kasi."

Hii tunaipenda sana kwa sababu inafanana na hesabu za darasa la sita: umbali gawanya kwa muda. Kwa karatasi ni kweli. Kwa gari ni kosa, na munaweza kulithibitisha wenyewe bila chombo chochote.

Tuseme rada inapima umbali mara 20 kwa sekunde, na kila kipimo kinaweza kukosea nusu mita tu. Kati ya vipimo viwili kuna sehemu ya ishirini ya sekunde. Gawanya nusu mita kwa muda huo: unapata mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kosa la nusu mita limezaa kosa la vitesi sawa na moto inayokimbia! Gari lingefunga breki mbele ya kamyo iliyosimama salama pembeni, na lingeendelea mbele ya mbuzi.

Kasi inapimwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1842 Christian Doppler, mwalimu kutoka Austria, alieleza kwamba wimbi linabadilika frikwensi kama chanzo chake kinakaribia ao kinakwenda mbali. Munajua wenyewe: moto inayokuja kwako inalia juu, ikikupita sauti inaanguka. Wimbi la redio linafanya vile. Kitu kinachokuja kwa mita 10 kwa sekunde kinabadilisha wimbi la gigahezi 77 kwa hezi 5,100 na kidogo. Ni kidogo sana ukilinganisha na hezi bilioni 77, lakini kinapimika vizuri.

Ushahidi kwamba kasi haihitaji umbali uko karibu na sisi. Ukivuka Goma kwenda Gisenyi na kupanda basi la Kigali, utasikia abiria wanamtaja "Sofia". Ni jina walilozipa kamera za kupima mwendo barabarani. Tanzania polisi wana chombo cha mkono, na watu wanakiita "tochi". Vyombo vya aina hii vingine vinatumia leza, vingine vinatumia mawimbi ya redio. Ile rada ya polisi ya kizamani, inayotuma wimbi moja lisilopanda wala kushuka, inajua kasi yako kabisa kabisa lakini haijui kama uko mita 50 ao mita 200. Ingekuwa kasi inatoka kwenye umbali, chombo kile kisingeweza kuwepo.

Gari linataka vyote viwili kwa pamoja. Linafanyaje? Hapa kuna kitu kizuri kinachoitwa fazi, maana yake mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake. Wimbi la gigahezi 77 lina urefu wa milimita 3.9 tu. Rada inapiga ile firimbi yake inayopanda mara nyingi, mfululizo, tuseme kila baada ya sehemu 50 za milioni ya sekunde. Moto inayokuja kwa mita 10 kwa sekunde inasogea nusu milimita kati ya firimbi moja na inayofuata. Njia ya kwenda na kurudi inapungua milimita moja, karibu robo ya wimbi. Kwa umbali, nusu milimita si kitu, haionekani. Kwa fazi, robo ya wimbi ni mabadiliko makubwa. Chombo kinafuata fazi hiyo firimbi kwa firimbi, na jinsi inavyozunguka njo kasi.

Na hesabu inayotumika ni ile ya Fourier, yule Mfaransa tuliyemchukia mwaka wa pili. Inafanywa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya kila firimbi, inatoa umbali, mara ya pili kutoka firimbi hadi firimbi, inatoa kasi. Wangapi kati yetu tulikariri Fourier, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau? Hakuna aliyetuambia kwamba ile ukurasa ya ishara za ajabu ni macho ya gari. Hapo ninakosoa mafundisho yetu bila kuficha: tulipewa chombo bila kuonyeshwa kazi yake, na kazi bila kuonyeshwa chombo.

Musiseme fazi ni mambo ya Marekani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku zilizofuata ardhi ya Goma ilitetemeka bila kupumzika, na tarehe 27 watu wakaambiwa wahame sehemu kubwa ya mji. Wengine tulikwenda kwa mguu mpaka Sake. Wakati sisi tunabeba magodoro, satelaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-1 zilikuwa zinapita juu na rada yenye wimbi la karibu sentimita 5.6. Wataalamu walilinganisha fazi ya kabla na fazi ya baada, wakaona ardhi imepanuka: magma ilikuwa imepenya chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa Kivu. Ardhi ikisogea sentimita 2.8 kuelekea satelaiti, fazi inazunguka mzunguko mmoja mzima. Ni ujuzi uleule wa gari. Fazi imekwisha kupima udongo tunaoukanyaga, na sisi bado tunafundisha kwamba rada ni mwangwi na saa.

Sentensi ya tatu: "Njo hivi gari linaona."

Hii njo iliyonifanya niandike. Rada haioni. Inapima umbali, inapima kasi, na kwa kutumia antena nyingi zilizopangwa mstari inakadiria upande. Basi. Haijui mtoto ni nini.

Na hata kasi yenyewe, inapima sehemu moja tu: ile ya kuja kwako ao ya kwenda mbali. Kitu kikikatisha barabara mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa wakati anapokuwa mbele yako kabisa mwendo wake wa upande hautoi Doppler. Kwa rada anafanana na kitu kilichosimama. Na vitu vilivyosimama ni vingi: mawe, nguzo, daraja, kona ya ukuta. Gari likifunga breki kwa kila kimoja, halitafika mahali. Kwa hiyo watengenezaji waliifundisha programu kudharau vitu vingi visivyosogea. Muone mtego: njia ya kuondoa makelele inaweza kumuondoa mtu pia.

Tarehe 18 Machi 2018, mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku huku anasukuma baiskeli. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Rada ilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kugonga. Gari lilikuwa linakwenda karibu kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo alikuwa mbele zaidi ya mita 100. Chombo kilifanya kazi yake! Lakini programu ilibadilisha mawazo: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli, tena ni kitu kingine. Kila ilipobadilisha jina ilisahau alikotoka, kwa hiyo haikuweza kukisia anakokwenda. Na haikuwa imeandaliwa kufikiria kwamba mtu kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia. Mwangalizi aliyekuwa kwenye usukani naye hakuwa anaangalia barabara.

Wandugu, fikirieni ile programu kwenye njia ya Mweso kupitia Kashuga mpaka Kalembe. Kwetu nani anavuka kwenye alama? Mama ana kuni mgongoni, motari anabeba watu watatu na mabidoni, kijana anashuka na chukudu ya mbao iliyojaa viazi, ng'ombe wanakwenda malishoni, na mbele kuna bariere ya mwanzi ao ya kamba. Chuma kinarudisha wimbi kwa nguvu. Mwili wa mtu unarudisha kidogo kuliko gari, mbao kavu na mwanzi kidogo zaidi, kamba karibu hakuna. Tope likifunika plastiki ya mbele inayoficha rada, wimbi linadhoofika kabla ya kutoka. Basi mtu akisema "gari linaona", muulize: linaona nani?

Lakini sitaki kuionea rada. Ina ubora ambao kamera haina. Asubuhi ya ukungu wa Masisi, ule ukungu ambao shofere anatoa kichwa dirishani atafute njia, rada inapita bila taabu. Usiku wa giza kwake ni sawa na mchana. Vumbi haliisumbui sana. Njo maana wataalamu wenyewe wanabishana. Mwaka 2021 Tesla ilitangaza kwamba Model 3 na Model Y za soko la Amerika ya Kaskazini hazitawekwa rada tena, zitategemea kamera. Waymo, ambayo tangu Oktoba 2020 inabeba watu wote huko Phoenix bila shofere, inatumia rada, kamera na lida kwa pamoja. Mimi nasimama upande wa pili huu, kwa sababu rahisi: vyombo vinavyokosea kwa namna tofauti vinaweza kusahihishana. Kamera inajua sura lakini inakisia umbali. Rada inajua umbali lakini haijui sura. Kunyima gari kimoja ni kama kumchagua shahidi mmoja kwenye kesi yenye mashahidi wawili.

Sasa inatuhusu nini?

Najua mwisho munaoungojea. Wengi wetu tukiandika juu ya teknolojia tunamalizia na kolta ya Rubaya na kasiterite ya Bisie: bila mawe yetu hakuna magari yao. Ni kweli kwamba tantali inaingia kwenye vyombo vya elektroniki, na bati inaunganisha waya zake. Lakini naomba tuache kutumia mawe kama kificho. Kuwa na jiwe chini ya mguu hakukufanyi ujue kinachofanyika ndani ya rada, kama vile kuishi kando ya ziwa hakukufundishi kuogelea. Tukisema "mawe ni yetu" halafu tukamjibu mtoto "ni masaa ya wazungu", tumeshatoa vyote viwili, jiwe na akili.

Hasara niliyoifanya siku ile haikuwa kosa la fizikia tu. Kosa la fizikia linafutika kwa chifutio. Niliwafundisha watoto arobaini hivi kwamba swali zuri linastahili kuchekwa, na kwamba kuna maarifa ambayo si ya kwetu kuuliza. Silabusi haikunituma kusema vile. Niliogopa kusema maneno mawili: "Sijui bado."

Oktoba 2024 mapigano yalifika Kalembe, watu wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Binti yule sijui aliko leo. Kama anaendelea na masomo, ninashukuru Mungu. Kama ameacha, sitasema ni kwa sababu ya vita peke yake, maana kucheka kwetu nako kulikuwa mlango mmoja uliofungwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanachama ni dogo. Mwenye kufundisha wiki hii, somo lolote, aache dakika kumi za mwisho kwa maswali, na akishindwa jibu aliandike swali kwenye daftari mbele ya wote, kisha arudi na jibu wiki inayofuata. Mimi nimechelewa, lakini nimerudi na langu. Dada wa nyuma, muda ni mdogo kweli, ulihesabu sawa. Tunaugeuza kuwa sauti.

 Mukiona nimekosea mahali, munikosoe hapahapa, bila haya.